Wasifu wa Baba uliliacha jiko nje

Mhariri,

Gazeti likikosea huchapisha sahihisho, kwa kawaida katika kona ndogo ambayo wasomaji wengi huipita bila kuiona. Naomba kona ya namna hiyo, japo yangu itakuwa kubwa kidogo, kwa ajili ya kijitabu cha kurasa nane walichogawiwa waombolezaji huko Luanda, Kaunti ya Vihiga, siku tuliyomzika baba yangu mzazi. Kijitabu hicho hakina uongo. Tarehe zake ni sahihi, majina ya watoto na wajukuu yamepangwa kwa utaratibu unaostahili, na picha ya jalada, ambamo Baba amesimama kando ya behewa akiwa na sare ya reli na bendera ya kijani mkononi, ni nzuri kuliko zote tulizo nazo. Kosa lake ni la kuacha, si la kusema, na mimi niliyeuandika wasifu huo nilikuwapo lilipotendeka, nikanyamaza.

Kazi ya kuandika nilipewa kwa sababu mbili: mimi ni kifungua mimba, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Siku nne kabla ya mazishi tuliketi sebuleni kwa Baba hapa Nakuru, kamati nzima, nikasoma nilichokiandika tangu kuzaliwa kwake hadi kustaafu, watu wakiitikia kwa vichwa, mpaka nilipofika kwenye sentensi hii: "Marehemu alipenda kupika, na kwa zaidi ya miaka thelathini ndiye aliyeipikia familia yake." Baba mdogo akanyosha mkono. Aliomba karatasi, akaisoma tena kimoyomoyo, akavua miwani. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "hayo ni ya ndani. Askofu atakuwepo, wakwe watakuwepo, wazee wa ukoo watakuwepo. Tuwakalishe juani tuwaambie kwamba kaka yangu alikuwa mpishi?" Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepinga. Akaikata sentensi yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: "Marehemu alikuwa mtu wa familia."

Maneno hayo, Mhariri, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nimehudhuria mazishi mengi, Nakuru na Magharibi pia, na sikumbuki hata moja ambapo marehemu mwanamume hakuwa mtu wa familia. Wameitwa hivyo waume ambao wake zao waliwaona Desemba hadi Desemba, na wengine ambao watoto wao walijuana kwa mara ya kwanza kando ya kaburi. Baba mdogo hakudanganya. Alisema kweli, ila kwa maneno yaliyolika kama mwiko mkuukuu, na aliyekuwa ameketi pale chini ya hema akiyasikiliza hakuweza kujua kama marehemu alituletea mshahara tu, au alituletea mshahara kisha akavua kofia, akaosha mikono na kuanza kumenya vitunguu.

Baba alikuwa gadi wa treni. Alizaliwa kando ya reli ile ya tawi itokayo Kisumu kwenda Butere kupitia Maseno, Luanda na Yala, na nadhani mlio wa treni ndio saa ya kwanza aliyoijua. Aliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati reli ilikuwa bado mali ya nchi tatu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alijikuta mfanyakazi wa Kenya pasipo kuhama kiti. Makazi yetu yalikuwa hapa Nakuru katika nyumba za reli, na njia yake kwa miaka mingi ilikuwa Nakuru hadi Kisumu, njia ambayo ilikuwa imeufikia ule mwambao wa ziwa tangu Desemba 1901. Kazi ya gadi, kwa wasiojua, ilikuwa kukaa katika behewa la mwisho, kuhakikisha treni yote imefika ilivyoondoka, na kuandika katika daftari saa ya kuingia na saa ya kutoka kila stesheni. Naomba msomaji alikumbuke daftari hilo.

Alianza kupika kwa shida. Mama alikuwa muuguzi, na zamu zake za usiku zilipokutana na siku za mapumziko za Baba, nyumbani hapakuwa na mtu mzima mwingine. Anasimuliwa kwamba jioni moja, mimi nikiwa na miaka sita na wadogo zangu wawili wakiwa bado wanatambaa na kuanguka, alirudi kutoka safari akatukuta tukila mkate mkavu kwa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa siku ya tatu mfululizo. Hakumlaumu Mama, ambaye alikuwa amelala kwa uchovu na sare bado mwilini. Alitoka akaenda mtaa wa Bondeni, kwa mwanamke mmoja mzee wa Kiswahili aliyekuwa akiuza chapati alfajiri kwa wafanyakazi wa reli, akamwomba amfundishe. Yule bibi alidhani ni mzaha wa mlevi. Baba hakuwa mlevi, kwa hiyo alirudi kesho yake, na keshokutwa, hadi akafundishwa.

Kutoka kwa bibi yule alijifunza kwamba chapati ni subira kabla ya kuwa unga. Maji yawe vuguvugu, mafuta yaingie kwenye unga kabla ya maji, donge likandwe mpaka liache kushika vidole, kisha lifunikwe kwa kitambaa kibichi na kuachwa lipumzike nusu saa, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Halafu husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa kama mkeka, huzungushwa kuwa konokono, hupumzishwa tena, ndipo husukumwa mara ya pili na kuwekwa kikaangoni. Hayo mapindo ndiyo matabaka. Baba alikuwa akitutaka tumhesabie matabaka kwa sauti tunapochana chapati, na aliyedanganya idadi hakupewa ya pili.

Samaki alifundishwa na jirani yetu ukutani, mama mmoja wa Kijaluo aliyekuwa mke wa dereva wa treni. Kabla ya hapo, Baba alikuwa na imani ya watu wa bara kwamba samaki asipokaangwa mpaka akauke kama ganda la mti hajaiva. Mama yule alimwonyesha kumchanja ngege, yaani tilapia, mbavuni, kumpaka chumvi, kumkaanga kidogo tu apate rangi, kisha kumlaza katika nyanya na kitunguu juu ya moto mdogo bila kumgeuza, kwa sababu samaki anayegeuzwageuzwa hufika mezani akiwa supu. Miaka ya 1990, mishahara ilipochelewa na karo ikawa haingoji, tulikula sana mgongo wazi. Vijana wa leo huenda hawakijui chakula hicho. Viwanda vya Kisumu vilikuwa vikichukua minofu ya mbuta, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, na kuipeleka Ulaya, na kilichobaki, kichwa, mifupa na nyama kidogo iliyogandama mgongoni, kikakaangwa na akina mama wa mtaa wa Obunga na kuuzwa kwa bei ya mnyonge. Baba alikipika kwa nyanya nyingi na limau, akakitoa mifupa mikubwa mwenyewe, akatupakulia bila kukiombea radhi. Jungu kuu halikosi ukoko, na letu dogo lilikuwa nao pia.

Njia ya reli aliijua kwa tumbo. Ukimwuliza Elburgon iko wapi, angekuambia ni kabla ya viazi, kwa maana viazi vilikuwa Molo. Londiani ilikuwa kabeji. Kipkelion ilikuwa mursik, maziwa yaliyochachushwa, ndani ya kibuyu, aliyokuwa akipewa na mzee mmoja aliyekataa fedha ila akakubali magazeti ya juzi. Muhoroni, Chemelil na Miwani zilikuwa miwa, ambayo tuliingoja dirishani tukiwa watoto kuliko tulivyomngoja yeye mwenyewe, naye alilijua hilo wala halikumuudhi. Treni ya mizigo ilipongoja nyingine ipite, dakika arobaini au saa nzima, wenzake walilala na yeye alishuka na kikapu. Kila mara aliandika daftarini saa ya kuingia na ya kutoka, na pembeni, kwa penseli, bei ya kitunguu.

Nitakaa kidogo kwenye maharagwe, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kufikiri. Alikuwa ameona kwamba maharagwe yale yale, kutoka gunia moja, huiva upesi kwa dada yake Kisumu na hukawia kwetu. Wengine wangesema ni maji au ni mkono wa mpishi. Yeye alimwuliza mwalimu wangu wa sayansi siku ya wazazi, mbele ya watu, mimi nikitamani ardhi inimeze, na mwalimu akamweleza kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na huko ni nyuzi 96. Nyuzi mbili tu, lakini sufuria huzijua. Tangu siku hiyo maharagwe ya nyumbani kwetu yaliloweshwa usiku kucha, yakachemshwa yakiwa yamefunikwa, na nyanya haikuingia mpaka punje ikubali kupondeka kati ya vidole viwili, kwa kuwa uchachu wa nyanya huifanya punje kuwa ngumu na kukataa kuiva. Nikiwa hapa, niseme neno ambalo Baba aliahidi kila mwaka kuwaandikia wahariri na hakuandika: mapishi yanayochapishwa magazetini hayasemi yamejaribiwa wapi, Mombasa au Molo, na kila mara humsalimu mama. Alikuwa akiyakata kwa makasi na kuyabandika katika kitabu, na kila palipoandikwa "mama" akaweka alama ya kuuliza.

Mboga za kwetu alizipika kama alivyomwona nyanya akizipika, na hapo hakukubali marekebisho. Munyu aliutengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba: maganda makavu ya maharagwe yanachomwa mpaka yawe jivu jeupe, jivu linatiwa katika kopo lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi, maji yanamiminwa juu polepole, na kinachodondoka chini ni maji ya rangi ya strungi, ambayo kijiko kimoja chake hulainisha kunde na mrenda na kuziacha na ukijani wake. Majirani wa Nakuru walidhani anachoma takataka. Saga alizichemsha, akazimwaga maji ya uchungu, akazilaza usiku katika maziwa, akasema mboga chungu ni kama mgeni mkali, haifai kuharakishwa.

Sasa nifike kwa kuku, kwa kuwa najua ndiko baba mdogo alikokuwa akitazama alipoifuta sentensi yangu. Kwetu sisi Waluhya kuku si kitoweo tu. Zamani wanawake hawakumla kabisa, na nyanya yangu mzaa baba alimwonja akiwa tayari na wajukuu. Firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni ya mwenye nyumba, na mke aliyeipoteza alikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Baba aliichukua firigisi hiyo, kwa kisu chake kidogo cha mpini wa mti, akaikata vipande kwa idadi ya watu waliokuwa mezani, hata kama tulikuwa tisa na kila kipande kikawa kama punje ya njugu, akampa Mama cha kwanza. Hakutoa hotuba. Baba mdogo alikuwapo siku mojawapo, akakitazama kipande chake kwa muda mrefu kabla ya kukila, na naamini tangu siku hiyo amekuwa akisubiri kumjibu.

Kisa cha mahari yangu nacho kiliongeza uzito. Ujumbe wa upande wa mume wangu ulifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, ukamkuta Baba nyuma ya nyumba akiwa amejifunga leso ya Mama kiunoni, akigeuza kuku watatu. Msemaji wao, mzee mwenye heshima zake kutoka Kakamega, akampungia mkono: "Bwana mpishi, hebu tuletee maji ya kunawa." Baba akaleta birika na beseni, akawanawisha mmoja baada ya mwingine, akiinama ipasavyo, akawapa taulo. Kisha akaingia ndani, akavua leso, akavaa koti, akatoka na kuketi katika kiti kilichokuwa kimeachwa wazi katikati. "Karibuni nyumbani," akasema. "Mimi ndiye mwenye binti." Mume wangu husema kimya kilichofuata kilimgharimu ng'ombe mmoja zaidi. Baba mdogo husema kilitupunguzia mmoja. Hesabu zao hazijawahi kuafikiana.

Ninachoshindwa kukielewa, na hapa nitauliza kama mwalimu, ni kwamba aibu hiyo hatuioni mahali pengine popote. Katika mabehewa ya chakula ya treni za usiku waliokuwa wakipika ni wanaume, wenye kofia nyeupe, na Baba aliwasalimu kwa vyeo vyao. Katika shule za bweni wanaokoroga ugali kwa miiko mirefu kama makasia ni wanaume. Jeshini ni wanaume, hotelini ni wanaume, kwenye nyama choma kando ya barabara kuu ni wanaume. Hata katika mashamba ya walowezi hapa Njoro na Molo enzi za ukoloni, mpishi wa nyumba kubwa mara nyingi alikuwa mwanamume, na huko kwao aliheshimika kwa sababu alirudi na fedha. Kwa hiyo mwanamume akiwapikia wageni kwa mshahara ameajiriwa, na akiwapikia wanawe bure amepotoka. Nilimwuliza baba mdogo swali hilo baada ya kikao, tukiwa wawili tu mlangoni. Alinijibu kwamba mimi nimesoma sana.

Isidhaniwe kwamba namchora malaika. Jikoni Baba alikuwa dikteta. Kwa chakula cha watu watano alichafua sufuria saba, na kuziosha aliamini ni sehemu ya malezi yetu. Viungo vya pakiti alivitupa hata vilipokuwa vya mgeni. Pilau hakuiweza, na kila Krismasi tulikula wali wenye rangi ya hudhurungi tukamsifu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ujasiri wa bibi wa Bondeni. Mke wa mdogo wangu alikuja nyumbani mara ya kwanza, akafunua sufuria yake ya sukuma wiki akakuta Baba ameshaongeza chumvi, akalia. Hilo alilijutia na kuomba radhi, kisha wiki iliyofuata akalirudia.

Ghasia za baada ya uchaguzi zilipoufikia mji wetu Januari 2008 na watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, alikuwa amestaafu. Alikwenda na wenzake wa kanisani, wakaazima sufuria kubwa kutoka shule moja, wakawa wakipika uji tangu alfajiri. Hakupenda kuyazungumzia yale aliyoyaona. Alizungumzia uji: kwamba katika sufuria ya ukubwa ule huungua chini kabla haujachemka juu, kwa hiyo unahitaji watu wawili wa kukoroga kwa zamu bila kupumzika, na kwamba unga ulipopungua alikataa katakata kuongezwa maji, akamtuma kijana akatafute unga wa muhogo. Mwezi uliofuata yule jirani yetu aliyemfundisha samaki, ambaye mumewe alikuwa ameshafariki, alifunga vitu vyake akarudi Kisumu. Alipokuwa akipakia, alimletea Baba karai lake la kukaangia, jeusi tii kwa umri. Alimwambia litamchosha njiani. Karai hilo liko kwangu, na bado halishiki samaki.

Mwaka 2013 Mama alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, maneno yakawa machache, na kilichotutisha zaidi ni kwamba kumeza kulimpa taabu. Maji meupe yalimpalia akakohoa mpaka machozi. Daktari alieleza kwamba kwa mgonjwa wa namna hiyo kinywaji chepesi ni hatari kuliko chakula kizito, kwa sababu hukimbilia njia ya pumzi kabla koo halijajiandaa. Sisi watoto tulitafuta yaya. Baba alimshukuru yaya, akampa kazi ya kufua, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Kwa miaka sita alipika vyakula viwili kila mlo, chake na cha Mama. Uji ulikuwa wa wimbi na mtama, mzito wa kusimama kwenye kijiko. Chumvi aliiondoa kwa sababu ya shinikizo la damu, akaweka limau na dania mahali pake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki aliiondoa kwenye chakula chake pia, akawa anakula kwa huzuni iliyo wazi. Samaki alimchemsha, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akampapasa kwa ncha za vidole mpaka mfupa wa mwisho, akamponda na kiazi cha Molo, kisha akamwonja mwenyewe kwa ulimi kabla ya kumpa. Nimemwona akiifanya kazi hiyo kwa saa nzima kwa ajili ya vijiko saba.

Najua vilikuwa saba kwa sababu aliandika. Alikuwa ameanzisha daftari, sawa na lile la reli, lenye mistari ya saa ya kuingia na saa ya kutoka. "1.10 asubuhi, uji, vijiko 9, hakukohoa. 7.05 mchana, ngege na kiazi, vijiko 7, alikohoa mara 1, nilisubiri. 1.30 usiku, ndizi na maziwa, vijiko 11, alicheka." Madaftari ni manne. Ukurasa wa mwisho ni wa Machi 2019, na baada ya saa ya kuingia hapana saa ya kutoka.

Juu ya miaka hiyo sita kijitabu cha mazishi kinasema: "Alimtunza mkewe kwa uaminifu wakati wa ugonjwa." Sentensi hiyo ilipita kikaoni bila kuguswa, na baba mdogo ndiye aliyesema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Kutunza kuliruhusiwa, kupika hakukuruhusiwa. Nami niliketi pale na madaftari manne ndani ya mkoba wangu, nikiwa nimeyaleta ili niyasome kama ushahidi, nikaogopa kumwaibisha mzee mbele ya watu, nikauacha mkoba umefungwa.

Siku ya mazishi maharagwe ya waombolezaji hayakuiva. Wapishi waliokodiwa, wanaume watupu, waliyatia nyanya mapema. Nilimwona baba mdogo akiiweka punje kati ya vidole viwili, akaibonyeza, akaniangalia, kisha akaangalia pembeni.

Naomba basi, Mhariri, kwa heshima ya gazeti na ya waliokiweka kijitabu hicho kabatini kama sisi sote tuwekavyo vya watu wetu, nafasi ya kusahihisha. Katika ukurasa wa tatu, aya ya pili, mahali palipoandikwa "Marehemu alikuwa mtu wa familia", pasomeke hivi: "Marehemu alipenda kupika. Aliwapikia wanawe tangu walipokuwa wadogo hadi walipooa na kuolewa, akawapikia uji wasiokuwa na makao katika uwanja wa maonyesho, na kwa miaka sita akampikia mkewe mgonjwa milo mitatu kwa siku, akiandika kila kijiko."

Ni mimi,
Bintiye marehemu,
Nakuru.